Mnyama Hufuata Nyasi: Safari Kutoka Ufipa Hadi Bonde la Rukwa

Ndugu msomaji, leo twende safari. Tutaanzia Sumbawanga mjini na kumalizia kando ya Ziwa Rukwa. Njiani tutatafuta jibu la swali moja. Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wakulima, na wawindaji pia. Kwa nini mwaka mmoja wanyama hujaa mahali, na mwaka unaofuata hawaonekani?

Vaa koti kwanza. Mwezi wa sita na wa saba huku juu ni baridi kali. Asubuhi ukungu hufunika mabonde. Upepo hupita uwandani bila kizuizi, kwa kuwa miti ni michache. Wageni kutoka Dar es Salaam hushuka kwenye basi wakiwa na mashati mepesi. Hutetemeka mpaka wapate duka la mitumba.

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Mji uko juu ya Uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini, kiasi cha mita 800. Kwa hiyo tutashuka karibu mita 1,000. Huku juu unavaa koti, na kule chini siku hiyo hiyo unatafuta kivuli. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kutoka kwenye baridi na kufika kwenye joto kwa siku moja. Mnyama naye anaweza. Hilo ulikumbuke, tutalirudia.

Mimi ni bwana shamba, si mwindaji. Lakini mahindi ya mkulima na nyasi za porini hunyeshewa na mvua ile ile. Mvua ikikosekana, mkulima analia na mnyama anahama. Mvua ikizidi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana imenibidi kujifunza habari za wanyama, ingawa cheti changu ni cha kilimo.

Watu wengine hujibu swali letu kwa haraka. Husema wanyama wamefichwa na mtu mwenye dawa. Jina la mji wetu, kama wazee wanavyolieleza, maana yake ni "tupa uchawi". Basi na tuutupe. Tutazame nyasi.

HUKU JUU UWANDANI

Mvua za Ufipa huanza mwezi wa kumi na moja na kwisha mwezi wa nne. Msimu ni mmoja tu. Baada ya hapo ni kiangazi, miezi sita au zaidi bila mvua ya maana.

Zamani uwanda huu ulikuwa na wanyama wengi wa mbugani. Leo ni mashamba. Rukwa ni mmoja wa mikoa minne inayotajwa sana kwa mahindi hapa nchini, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ukiona mahindi, maharage, ngano, alizeti na ulezi mpaka macho yanachoka, usitegemee kuona kundi la nyamera hapo katikati. Wakubwa wameondoka. Waliobaki ni wale wanaojua kujificha.

Wa kwanza ni pongo, ambaye wengine humwita mbawala. Ana rangi ya kahawia na madoa meupe, na hukaa vichakani peke yake au wawili wawili. Wa pili ni nsya, mdogo kama mbuzi. Wa tatu ni mbuzi mawe, ambaye husimama juu ya majabali kwa ncha za kwato. Wako pia nguruwe mwitu na nyani, na hao hawahitaji maelezo kwa mtu yeyote mwenye shamba la mahindi. Katika msitu wa milima ya Mbizi, juu ya mji, wako mbega wekundu. Hao si wa mwindaji. Ni wachache, na hawana msitu mwingine wa kukimbilia.

Sasa angalia jinsi hali ya hewa inavyowaendesha.

Wakati wa masika maji yako kila mahali. Kila kijibonde kina kijito. Mnyama hana sababu ya kwenda mbali, na hana sababu ya kukaa na wenzake. Wanatawanyika. Nyasi nazo ni ndefu, hivyo hata kama pongo yuko hatua 20 kutoka kwako, humwoni. Mtu husema, "Wanyama wamekwisha." Hawakwisha. Wametawanyika na wamefichwa na nyasi.

Mvua zikikatika, nyasi hutoa mbegu na kukomaa. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona nyasi zimejaa, wanadhani chakula kimejaa. Nyasi iliyokomaa ni ngumu kama kamba. Ina nyuzi nyingi na chakula kidogo. Mfugaji analijua jambo hili, maana ng'ombe wake hukonda katikati ya majani marefu. Nsya na pongo hawategemei nyasi hizo. Wao hula majani ya miti, machipukizi, maua na matunda. Kiangazi kikizidi hushuka kwenye mabonde yenye unyevu, ambako bado kuna kijani. Na huko kwenye unyevu ndiko mkulima alikopanda bustani yake ya maharage na mboga.

Siku za upepo mkali mnyama hutulia kichakani. Upepo unamharibia masikio na pua, hajui adui anatoka wapi. Asubuhi ya baridi huchelewa kutoka. Mbuzi mawe utamkuta kwenye jiwe lililopigwa na jua la kwanza. Mvua kubwa ikinyesha hujikinga, na ikikatika hutoka kula. Wawindaji wazee wanayajua haya yote bila kusoma kitabu.

Lakini njaa hushinda yote. Mnyama mwenye njaa huacha woga. Pongo ambaye mwezi wa tatu hukimbia akisikia kikohozi, mwezi wa tisa utamkuta mchana kweupe ndani ya bustani, mita chache kutoka nyumbani. Si kwamba amekuwa mkaidi. Hana pengine.

HABARI YA MOTO

Kabla hatujashuka, tuzungumze kidogo juu ya moto.

Kuanzia mwezi wa saba utaona moshi pande zote. Wengine huchoma kusafisha shamba. Wengine huchoma ili ng'ombe wapate majani mabichi. Na wako wanaochoma ili wanyama waje. Hesabu yao ni sahihi. Baada ya moto, mizizi ya nyasi hutoa machipukizi mapya hata kabla ya mvua. Machipukizi hayo ni laini na yana chakula kingi. Baada ya wiki moja au mbili, wanyama huyafuata kutoka mbali.

Moto wa mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita polepole na kuacha miti hai. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi ni mwingine kabisa. Nyasi zimekauka, upepo ni mkali, na moto huo hula miti michanga, mizinga ya nyuki, hata ghala la jirani. Machipukizi ya moto wa mwisho hupata shida, kwa sababu udongo hauna maji. Mnyama huja, hukuta majani machache, huyamaliza, kisha huingia shambani. Aliyechoma ili apate nyama ya siku moja amemletea mwenzake hasara ya mwaka mzima. Nimeona ugomvi wa koo mbili uliotokana na jambo hilo tu.

TUNASHUKA LYAMBA

Sasa tushuke. Ukitoka mjini kuelekea mashariki, uwanda unakatika ghafla. Wenyeji huita ukuta huu Lyamba lya Mfipa. Barabara ya kwenda Muze inapinda na kupinda tena. Abiria wa nyuma ya lori hushikana mikono hata kama hawajuani. Chini unaona bonde lote, na mbali kabisa mstari mweupe wa maji.

Mitelemko hii ina miombo. Msomaji wa Tabora au Katavi anaijua. Mti wa miombo una tabia ya ajabu. Hausubiri mvua. Mwezi wa tisa na wa kumi, ardhi ikiwa kavu kama tofali, miti hutoa majani mapya, mekundu kwanza, kisha ya kijani. Mizizi yake imeshuka chini kutafuta maji. Kwa mnyama anayekula majani, huu ni msaada mkubwa. Wakati uwanda wa juu umeungua na bonde la chini limekauka, mtelemko una majani laini. Halafu huja matunda ya mikusu na mibula. Yakianguka, nsya na pongo huyaokota chini ya mti usiku. Asubuhi watoto wa kijiji huokota yaliyobaki.

Kwa hiyo mtelemko huu ni ghala la mnyama, la miezi miwili au mitatu. Tukiukata wote kwa mkaa, ghala limefungwa. Mnyama atakwenda juu kwenye bustani au chini kwenye mpunga.

BONDE NA ZIWA LAKE

Tumefika chini. Vua koti.

Hapa kuna Muze, Mtowisa, Ilemba na vijiji vingine vilivyojipanga chini ya mlima. Mbele yake ni mbuga tambarare, na baada ya mbuga ni Ziwa Rukwa. Ziwa hili halifanani na Tanganyika. Tanganyika ni refu kwenda chini kupita maziwa yote ya Afrika. Rukwa ni bapa kama sahani. Maji yake ni ya magadi kidogo. Mito huingia, kama Songwe na Momba upande wa kusini, na Kavuu upande wa kaskazini. Lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia moja tu, kukaushwa na jua na upepo.

Fikiria sahani yenye maji. Ukiongeza maji kidogo, yanaenea mbali. Ukipunguza kidogo, yanarudi mbali. Ziwa Rukwa hufanya hivyo. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 50 tu. Mwaka 1939 ulifika kama kilomita 128. Baadaye lilienea zaidi, na vitabu vingi vya siku hizi huandika urefu wa kilomita 180 hivi. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 1929 aliweza kuona, kabla hajabalehe, mbuga ya babu yake ikigeuka kuwa maji ya samaki.

Mnyama wa mbuga hii ni sheshe. Ni wa rangi ya dhahabu iliyoiva, mwenye umbo la swala aliyenenepa. Dume ana pembe zenye mapete, jike hana. Hapa Tanzania sheshe wanajulikana hasa sehemu mbili, Bonde la Kilombero na Bonde hili la Rukwa. Sheshe hapendi mlima na hapendi msitu mnene. Anataka nyasi fupi karibu na maji. Serikali iliwahi kutenga Pori la Akiba Uwanda kando ya ziwa hili. Pori hilo lilichukua mbuga na sehemu ya ziwa lenyewe.

Mwaka wa sheshe huenda hivi. Masika mbuga hufurika, naye hurudi nyuma, kwenye ardhi iliyoinuka chini ya mlima. Kiangazi maji hurudi ziwani, na kila yanapoondoka huacha tope lenye majani mabichi. Sheshe huyafuata maji hatua kwa hatua, kama mtu anayekula ugali kutoka pembeni ya sinia. Ikifika mwezi wa kumi yuko mbali kabisa, kwenye ukingo wa ziwa. Mvua ikirudi, naye anarudi.

Mtaalamu mmoja aliyeitwa Desmond Vesey-FitzGerald alilichunguza jambo hili hapa hapa bondeni. Alikuwa akifanya kazi ya kuzuia nzige wekundu. Nzige hao nao wanapenda mbuga ya Rukwa. Pigo lao kubwa lilianza mwaka 1930 na kuendelea hadi 1944, na lilifika nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la nchi kadhaa la kupambana nao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, huko Zambia, si mbali na mpaka wetu. Basi huyu mtaalamu, akitafuta nzige nyasini, aliona kwamba wanyama hawali kwa fujo. Wanapokezana. Mwaka 1960 aliandika juu ya jambo hilo.

Tembo hutangulia. Huingia kwenye nyasi ndefu za bwawani, hula na kukanyaga. Nyati hufuata na kuzilaza zaidi. Nyasi zilizovunjwa hutoa machipukizi mafupi. Hapo ndipo huja wanyama wenye midomo midogo, kama nyamera na sheshe, wasioweza kula majani magumu marefu. Kila mmoja anamwandalia mwenzake meza. Wawindaji wa zamani walikuwa na ujuzi wa namna hii. Mzee mmoja wa huku bondeni, ambaye baba yake alikuwa mwindaji, aliniambia, "Mwanangu, baba hakutafuta sheshe. Alitafuta mavi ya nyati ya wiki mbili. Sheshe aliwakuta hapo."

Sasa unaweza kuona kwa nini mtu anakosa wanyama. Tembo wasipofika, nyasi hazikanyagwi, na sheshe hawapati pa kula hata kama majani yako mengi. Wanahama. Tembo hawakufika kwa sababu huko walikotoka njia imezibwa, au mto umekauka, au mvua imewapa maji kwingine. Mwindaji anasimama Muze akilaumu Muze. Kumbe sababu iko mbali.

MTO UKIKAUKA KASKAZINI

Ukienda kaskazini kutoka Sumbawanga unafika Mkoa wa Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa mpaka mwaka 2012. Huko kuna Hifadhi ya Taifa Katavi. Ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, nayo ina kilomita za mraba 4,471. Mto Katuma hupita humo, huingia Ziwa Chada, na maji yake huendelea kwa Mto Kavuu hadi Rukwa. Kwa hiyo maji ya Katavi na ya kwetu ni ya ukoo mmoja.

Kiangazi Katuma hupungua mpaka kubaki madimbwi. Viboko kwa mamia hujazana katika tope moja, wakipigana na kuumizana. Nyati na pundamilia hujipanga kando. Miaka ya karibuni maji ya mto yamepungua zaidi, na sababu mojawapo ni mifereji ya kumwagilia mpunga huko juu ya mto. Sisemi mpunga ni mbaya. Mimi ni bwana shamba, nitasemaje hivyo? Lakini mfereji usiofungwa usiku, maji yakimwagika bure porini, huo haumsaidii mkulima wala kiboko.

Maji yakiwa hivyo, mnyama hutembea. Na anapotembea hapiti hifadhini peke yake. Anapita vijijini.

MWINDAJI NA SHERIA

Ndugu msomaji, labda wewe ni mwindaji. Umesoma mpaka hapa na umepata siri zote. Wakati wa kiangazi mnyama yuko kwenye maji. Baada ya moto yuko kwenye machipukizi. Mwezi wa kumi yuko chini ya mkusu. Ni kweli. Wakati huo ni rahisi sana kumpata.

Sheria nayo inajua hivyo. Ndiyo maana Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake, zinamtaka mwindaji awe na leseni. Zinakataza pia kuwinda kwa moto, kwa sumu, kwa kitanzi na usiku, na kumvizia mnyama kwenye maji. Wengi hudhani makatazo haya yaliandikwa kuwaonea wanakijiji. Hebu yatazame tena. Karibu kila katazo linahusu saa ambayo mnyama hana la kufanya. Mwenye kiu lazima aende kwenye maji. Ukimvizia hapo hutahitaji ujuzi wowote, na ndani ya kiangazi kimoja unaweza kumaliza kundi lililochukua miaka 20 kukua.

Kitanzi cha waya ni kibaya zaidi. Hakichagui. Kinakamata jike mwenye mimba, kinakamata mbwa wako, kinakamata ndama wa jirani. Na aliyekitega akipata homa, anakisahau. Kama hujui taratibu za leseni kwa sasa, muulize bwana nyama wa wilaya. Usimuulize rafiki yako kilabuni.

Kuna jambo jingine la kiangazi kibaya, nalo ni la hatari. Nyasi zikiwa fupi sana, mnyama hula karibu na udongo, hata mizizi na vumbi. Katika udongo kunaweza kuwa na vijidudu vya kimeta, ambavyo hukaa humo miaka mingi bila kufa. Mnyama hufa ghafla. Mara nyingine damu nyeusi hutoka puani na haigandi. Mtu mwenye njaa huona nyama ya bure. Ndugu yangu, usiiguse. Usimchune, usimkate, usiwape mbwa. Anayechuna anaweza kupata vidonda vyeusi mikononi, na anayekula anaweza kufa. Mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji, daktari wa mifugo aitwe. Wazuie watoto wasisogee hapo.

MKULIMA AFANYEJE

Usingoje mnyama afike. Mwaka ambao mvua zimekatika mapema, mwezi wa tatu badala ya wa nne, ujue porini chakula kitakwisha mapema. Panga zamu za ulinzi mapema pia. Mahindi yaliyokauka yavunwe, yasiachwe shambani kwa sababu ghala halijazibwa.

Kwa tembo, vijiji vingi hapa nchini hutumia kamba yenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili kali iliyosagwa. Tembo hupenda pua yake kuliko mahindi yako. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba nayo imefaa Kenya na hapa Tanzania. Tembo huogopa nyuki, na wewe unapata asali. Kwa nguruwe mwitu pilipili haitoshi. Kwake ni mtaro, uzio wa miba, na watu macho.

Tembo au kiboko akiharibu shamba, toa taarifa serikali ya kijiji mara moja, kabla alama hazijafutika. Tangu mwaka 2011 kuna kanuni za kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Fedha hizo huchelewa, na hazilingani na hasara. Lakini asiyetoa taarifa hapati hata hizo.

NJIA YA KURUDI NYUMA

Sasa turudi kwa sheshe. Nilisema ziwa likijaa, yeye hurudi nyuma kwenye ardhi iliyoinuka chini ya mlima. Siku hizi ardhi hiyo ina nini? Ina vijiji. Ina mpunga, ufuta na mahindi. Ina mifugo, kwa kuwa wafugaji wengi wameingia bondeni na makundi makubwa ya ng'ombe. Kila mmoja ana haki ya kuishi. Lakini sheshe akirudi nyuma sasa anakuta ukuta wa watu, na mbele yake kuna maji. Katikati umebaki ukanda mwembamba, na ziwa likipanda tena utakuwa mwembamba zaidi. Njaa itawaua huko bila risasi hata moja.

Katika kijiji kimoja cha bondeni nilialikwa kwenye mkutano juu ya mpango wa matumizi bora ya ardhi. Swali lilikuwa kama waache njia wazi kutoka mbugani hadi mlimani, upana wa hatua 300, bila shamba wala boma. Mzee mmoja alisimama akasema, "Zamani ziwa lilipopanda, sheshe walipanda nalo. Sasa likipanda wanakuta mpunga wa mwanangu. Wakiingia mpungani tunawaua, na mpunga nao umekwisha kukanyagwa. Tumepoteza vyote viwili."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu kwa heshima, "Shikamoo babu. Maneno yako ni kweli. Lakini hizo hatua 300 zimepita katikati ya shamba langu. Sheshe hawaninunulii daftari za watoto."

Watu walinyamaza. Wengine walinitazama mimi, kana kwamba bwana shamba ana shamba la ziada mfukoni. Nikasema ninachokijua. Njia ikiwa wazi, wanyama hupita na kuondoka. Njia ikizibwa, hutawanyika kwenye mashamba yote, na hasara inakuwa ya kila mtu. Lakini haifai mtu mmoja kubeba mzigo wa kijiji kizima. Kama njia itapita kwake, kijiji kimpe ardhi nyingine yenye rutuba ile ile, tena kabla ya msimu wa kupanda, si ahadi ya baadaye.

Mabishano yaliendelea mpaka jua likakaribia kuzama. Mfugaji mmoja alikubali kuhamisha boma lake, ila aliomba ng'ombe waruhusiwe kupita njia hiyo kwenda majini wakati wa kiangazi. Alikubaliwa. Vijana wawili wakachaguliwa kupiga hatua na kusimika vigingi. Mwenyekiti aliandika jina la yule mama kwenye daftari la kijiji, na pembeni yake ukubwa wa shamba: ekari mbili na nusu. Kisha akauliza mkutano nani ana ekari mbili na nusu karibu na maji asizozilima. Mikono mitatu ilinyoshwa. Kesho yake asubuhi tulikwenda na mama huyo kukagua udongo wa sehemu zote tatu, mtoto akiwa mgongoni. Ya kwanza ilikuwa na mchanga mwingi. Ya pili alichimba kwa jembe lake mwenyewe, akashika donge, akalivunja kwa vidole, akalinusa, na akasema twende tukaione na ya tatu.